Bibi Niliyemzua

Jumatatu, 3 Machi

Nimesahihisha insha za darasa la sita hadi mkono umekufa ganzi. "Siku Nisiyoisahau." Nusu ya darasa hawasahau siku waliyoumwa na nyuki. Nadhani aliumwa mmoja, wengine wamenakili.

Baada ya hapo nikamalizia Harusi Mbili za Daktari Edga. Sehemu sitini. Daktari hatibu mtu hata mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Anaendesha gari, anavua miwani, anasimama dirishani. Msichana anazimia mara nne na mara zote nne anadakwa kabla hajafika chini. Mimi nilizimia mara moja maishani, kwenye gwaride la shule, nikaangukia changarawe. Na macho ya kusinzia! Kila mrembo wa riwaya siku hizi ana macho ya kusinzia. Sijui barabara anaionaje.

Nimeyaandika hayo, Maoni ya Mwalimu kama kawaida, kwenye kundi letu la WhatsApp la wasomaji wa riwaya. Kufika saa ya kusonga ugali walikuwa wamecheka watu zaidi ya ishirini. Dada Farida, msimamizi wetu aliyeko Bukoba, ameandika: "Bila Maoni ya Mwalimu hatusomi kitu." Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nilijifanya natafuta kitu kingine kwenye simu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Tulikwenda kanisani na wanafunzi wote, tukarudi na mavumbi usoni, tukafundisha hivyo hivyo.

Kabula amenitumia sehemu tatu za riwaya. Ya kwake. Ameiandika yeye. Kabula, ambaye chuo cha ualimu tulilala kitanda cha juu na cha chini, tukasomeana vitabu hadi matroni akatuchoka. Sasa anafundisha Nyamahanga, kule Biharamulo. Baba yake alihamia huko na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla hatujazaliwa. Ameolewa huko huko.

Ujumbe wake, akiniita Leo, jina langu la tangu chuoni: "Leo, wewe wa kwanza. Nikiwa nimeandika upuuzi niambie kabla watu hawajaona."

Sijafungua. Simu ina chaji kidogo na jua leo halikutoka.

Uongo. Chaji ipo. Naogopa tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma. Zote tatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, nimesimama nyuma ya ofisi na chai inapoa.

Inaitwa Mshenga wa Mto. Zamani za ukame, mzee mmoja aliuahidi mto Ruvubu mjukuu wake ili ng'ombe wavuke salama. Mjukuu amekua, anaitwa Keza. Mto unakuja kudai mchumba. Unakuja kama mwanaume, kanzu safi, adabu nzuri, ila miguu yake haikauki. Akiinuka, kigoda alichokalia kimelowa. Familia inasema sawa, ahadi ni ahadi, lakini huku kwetu mtu haji kuposa peke yake. Mshenga wako yuko wapi? Mto hauna ndugu. Unakwenda kumtafuta mshenga, unampata Shija, mchunga ng'ombe, mtu pekee wa kijiji kile asiyejua kuogelea.

Ni nzuri.

Ni nzuri sana na sijafurahi. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunitazama. Nilipofika pale kwenye kigoda nilihisi kama mtu amenikanyaga kidole cha mguu na hajaomba radhi.

Ijumaa, 7 Machi

Dada Farida ameitoa sehemu ya kwanza kwenye kundi. Zitakuwa zinatoka Jumanne na Ijumaa. Watu wamepiga makofi hadi skrini ikajaa.

Kabula ameuliza umeonaje. Nimemjibu: "Nzuri, endelea." Mimi, ambaye Daktari Edga nilimwandikia aya sita.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuwa nikiwaza jambo moja misa nzima. Kabula aliujuaje Ruvubu?

Aliujua kwetu. Likizo ya mwaka wa kwanza chuoni nilimleta hapa Bukiriro. Mama alizaliwa kando ya Ruvubu kabla ya kuolewa huku. Alimweka Kabula jikoni, akamweleza kwamba zamani watu waliusalimia mto kabla ya kuvuka. Mimi nilikuwa natafsiri, Kihangaza kwenda Kiswahili. Maneno yalipita mdomoni mwangu! Yakaenda yakakaa kwake.

Ni mto wa mama yangu. Kabula ni wa watu waliokuja na ng'ombe. Kwao mto ni mahali pa kunyweshea tu.

Hilo ni baya kuliandika. Nimeliandika.

Jumanne, 11 Machi

Sehemu ya pili. Shija anakwenda mara ya kwanza kuusemea mto. Amekaririshwa maneno, anayasahau, anaanza kuwasifia wazazi wa Keza ng'ombe wao.

Jioni nilimsomea mama, tunapukuchua maharage. Kiswahili chake ni cha sokoni, hivyo namgeuzia kwa Kihangaza sentensi baada ya sentensi. Alicheka hadi akaacha kazi, akashika tumbo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba afariki.

Akauliza nani ameandika. Nikasema Kabula. "Yule mtoto wa kula sana? Kumbe!" Akarudia jina lake mara mbili tatu, kama anaonja kitu.

Mimi nimemsomea mama miaka yote. Hajawahi kuuliza jina la mwandishi.

Ijumaa, 14 Machi

Sehemu ya tatu. Kundi limepagawa. Wamegawanyika: wanaotaka Keza aolewe na mto, na wanaomtaka Shija. Mtu mmoja wa Kahama anaandika mashairi. Msichana wa Muleba amechora kile kigoda.

Nimeandika Maoni ya Mwalimu kuhusu Upanga wa Chumvi. Riwaya ya mazimwi na falme. Ukweli wake: joka linatema moto mbugani kiangazi na hakuna nyasi inayoungua. Shujaa anabeba upanga wa chumvi kurasa zote, anavuka mito mitatu, na hauyeyuki. Mfalme ana vita mpakani lakini kila siku yuko bustanini anabembeleza. Hayo ndiyo yalikuwa maoni yangu. Sikuyaandika. Niliandika kwamba ni kazi kubwa, yenye upeo, na kwamba "wanaoanza kuandika wajifunze hapa."

Amejibu mtu mmoja. Kidole gumba.

Hakuna aliyeuliza Mwalimu anasemaje kuhusu Mshenga wa Mto. Hawahitaji. Wanaipenda wenyewe bila kuambiwa.

Jumapili, 16 Machi

Kabula alipiga baada ya misa. Sauti yake ilikuwa juu, anaongea kwa kasi kama alivyokuwa anafanya tukitoka kwenye mtihani. Mchapishaji mmoja wa Mwanza amesoma zile sehemu, anataka kuitoa kitabu. Kitabu cha karatasi, chenye jalada.

"Nimemwambia maneno ya nyuma ya kitabu utaandika wewe," akasema. "Nani mwingine? Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, Leo. Mimi nilikuwa nafungua vitabu tu."

Nikasema hongera. Nikasema mtandao unakata. Haukuwa unakata.

Ana mume, watoto watatu, ng'ombe, na sasa ana riwaya. Mimi nina maoni.

Nina daftari pia, chini ya mashuka. Ukurasa wa kwanza wa riwaya, umeandikwa mara kumi na moja. Ukurasa wa pili haupo. Msichana anasimama mlangoni, anatazama mvua. Mara kumi na moja anasimama pale. Hajui anatoka aende wapi na mimi sijui pia. Na wakati wote huo mto ulikuwa kwenye mdomo wa mama yangu, jikoni kwetu, natafsiri!

Natamani riwaya yake iharibike. Natamani Shija afe kijinga. Natamani aandike macho ya kusinzia.

Jumanne, 18 Machi

Sehemu ya nne imetoka asubuhi. Ni ndefu mno, wanaeleza mahari kurasa na kurasa. Nilifurahi kuona kasoro. Furaha ikaisha, maana kundi halikuona kasoro yoyote. Mtu wa Kahama ameandika: "Huyu mama ndiye mwalimu wetu sasa."

Mwalimu wetu sasa.

Saa nane, wanafunzi wako shambani, nimeandika haya kwenye kundi. Nayanakili yalivyo:

"Ndugu wasomaji, mnanijua mimi sipambi maneno. Hadithi hii si ya mwandishi. Ni ngano ya kwetu Ngara. Bibi yangu mzaa mama alitusimulia tukiwa wadogo: mto, kigoda, mshenga, vyote. Mwandishi amebadilisha majina tu. Kalamu anayo, lakini ukweli usemwe. Pia sehemu ya nne ni ndefu mno."

Nikabonyeza. Kisha nikaenda shambani kuhesabu majembe, kama siku nyingine yoyote. Hilo ndilo linalonishangaza.

Bibi yangu mzaa mama alikufa mama akiwa msichana mdogo. Sikuwahi kumwona.

Jumatano, 19 Machi

Wameniamini. Wote. Ingekuwa wamebishana kidogo ningekuwa na nafuu.

"Asante Mwalimu kwa ukweli." "Nilijua tu, mtu hawezi kuwaza vile mwenyewe." "Msukuma na Ruvubu wapi na wapi?" Dada Farida ameuliza kwa upole kama mwandishi ana la kusema. Mwandishi hakusema.

Jina langu limerudi juu. Nimekaa nalo siku nzima kama mtu aliyevaa gauni la kuazima.

Alhamisi, 20 Machi

Kabula, kwangu binafsi, saa moja asubuhi:

"Leo, bibi yupi?"

Basi. Sikujibu. Mchana nilifungua tena nione kama ameongeza kitu. Hajaongeza.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna sehemu ya tano.

Jumanne, 25 Machi

Hakuna.

Mama ameuliza Keza amefikia wapi. Nikamwambia mwandishi anaumwa. Akasema atamwombea. Ameongeza jina la Kabula kwenye rozari ya jioni, na mimi nimepiga magoti pembeni yake nikaitikia.

Jumamosi, 29 Machi

Sasa yamekuwa mambo ya ajabu. Mama mmoja wa Karagwe ameandika kwamba hata bibi yake aliwasimulia ngano hiyo hiyo. Jamaa wa Kibondo anasema kwao pia ipo, ila kwao mto ni mwanamke. Hadithi ambayo haikuwepo wiki mbili zilizopita sasa ina mabibi watatu na imevuka mkoa.

Nikaanza kutumaini. Labda ipo kweli. Labda nilibahatisha. Nikamfuata mama kwenye migomba, nikamuuliza kwa mzunguko: huko kwenu, zamani, kulikuwa na ngano ya mto kuja kuposa msichana?

Akawaza kwa dhati. Mama akiulizwa kitu cha kwao anawaza kwa dhati.

"Haipo," akasema. "Ingekuwepo ningeijua. Sisi mto tulikuwa tunausalimia tu, tunavuka. Hilo la kuja kuposa amelitoa kichwani mwake yule mtoto." Akakata jani lililokauka. "Ana kichwa."

Nikabeba majani nikampelekea ng'ombe wa jirani. Sikuombwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Dada Farida amenipigia. Hatujawahi kuongea kwa sauti kabla ya leo, ni maandishi tu. Mchapishaji wa Mwanza amempigia yeye. Amesikia habari za ngano. Hatoi kitabu chenye ugomvi wa nani mwenye hadithi, amesimamisha.

"Nimekupigia ili nikushukuru," Dada Farida akasema. "Umemwokoa yule mzee asiingie hasara."

Alinishukuru!

Nimefundisha sarufi leo. Kauli ya kutendwa. Kitabu kimesimamishwa. Mwandishi amenyamazishwa. Mtoto mmoja akauliza na nani, mwalimu. Nikamwambia katika kauli hii aliyetenda si lazima atajwe. Nikaandika ubaoni mifano mingine, ya maembe na vikombe.

Jumapili, 6 Aprili

Kitubio cha Kwaresima. Nilipanga foleni na wanawake wa jumuiya yetu. Nilikuwa wa saba, wa sita, wa tano. Nilikuwa nimeshatunga: nimekosa upendo kwa jirani. Kosa la mkupuo, kama lebo juu ya gunia. Nilipofika wa tatu nikaona kwamba nitasema hivyo hivyo, nitapewa sala tatu, nitarudi nyumbani mweupe na Kabula atabaki kama alivyo.

Nikatoka. Mama akaniuliza vipi. Nikasema kichwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimesoma riwaya mbili wiki hii na siwezi kusema zinahusu nini. Ya pili ina mfalme. Au ni meneja.

Nilichogundua ni hiki: nataka kujua Keza atafanyaje. Nataka kama mtu mwenye njaa. Shija alibakiza kwenda mara moja tu kwa wazazi, na mara ya tatu mshenga lazima aseme jibu. Angesema la nani? La mto au la kwake? Duniani anajua mtu mmoja tu, na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Wivu wangu umeninyima kitu nilichokuwa nakipenda kuliko wote kwenye lile kundi. Hakuna aliyeipenda kama mimi. Ndiyo maana iliniuma hivi.

Jumamosi, 12 Aprili

Shule zimefungwa kwa Pasaka. Nimemwambia mama nakwenda kumwona Kabula mgonjwa. Amenifungia maharage na ndizi, mzigo wa mtu mzima. "Mwambie apone, tunamdai kicheko."

Jumanne, 15 Aprili

Nyamahanga. Naandika kwenye chumba cha watoto wake, kuna ramani ya Afrika ukutani na mmoja amelalia kanga yangu.

Nilifika jana alasiri. Pikipiki, basi, pikipiki. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe Leo? Tunakusikia miaka yote." Akanipokea mzigo kwa mikono miwili. Nilitamani asinipokee.

Kabula alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta karanga. Amekonda. Hakuinuka. Alisogeza ungo wa pili kwa mguu, nami nikakaa, nikaanza kupepeta. Tulipepeta muda mrefu. Mumewe alipita na ng'ombe, akasalimia, akaangalia nyuso zetu, akaenda nao mbali kuliko ilivyohitajika.

"Bibi yako alikufa mama yako akiwa mtoto," Kabula akasema. "Uliniambia chuoni. Ulilia siku hiyo, kwamba hujui hata sura yake."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilijua saa ile ile."

"Mbona hukusema kwenye kundi?"

"Ningesema nini? Kwamba rafiki yangu mwongo? Wewe ndiye Mwalimu. Mimi ni Msukuma niliyeandika mto wa watu." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Nilijua unaliwaza hilo. Tangu uliposema 'Nzuri, endelea.' Wewe hujawahi kunipa maneno mawili."

Nilikuwa nimeandaa mengi kwenye basi. Yaliisha yote.

"Nilikuonea wivu," nikasema.

"Wa nini hasa?" Aliuliza kweli kweli, kama mganga anayeuliza inauma wapi.

Nikawaza kumtajia mume, kitabu, watoto. Haikuwa hayo. "Kigoda," nikasema. "Kile kilicholowa. Nimekalia vigoda vya mama yangu maisha yangu yote, Kabula. Sikukiona."

Nusura acheke. Nilimwona akijizuia. Halafu machozi yakamtoka yeye, si mimi, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye maganda ya karanga.

"Nilikuwa naandika ili nikutumie wewe," akasema. "Wale wengine walikuja baadaye."

Nikachota karanga nyingine kwenye ungo wangu.

Baadaye, tunakusanya nyungo, akasema: "Sehemu ya nne nimeikata. Hilo ulilosema lilikuwa kweli. Nilikaa nikatenganisha, hili la Leo, hili la wivu. La Leo lilikuwa moja tu."

Nikamwambia nitasema kwenye kundi, na kwa mchapishaji.

"Sema. Lakini usiniombee huruma na usijieleze sana. Sema ulichofanya." Akainuka. "Na sitakutumia tena kabla ya watu. Utasoma siku wanayosoma wenzako."

"Sawa."

Tulikula wali na maziwa mgando na familia nzima. Mama mkwe alinijazia sahani mara mbili. Hakuna aliyewaambia kitu, au wote wanajua na ni watu wema. Sikuweza kupambanua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeandika nikiwa stendi ya Biharamulo nasubiri basi, kabla sijapata ujasiri wa kuahirisha. Mistari mitano. Kwamba sina bibi aliyesimulia. Kwamba nimemuuliza mama na ngano hiyo haipo. Kwamba Mshenga wa Mto ni kazi ya Kabula tangu neno la kwanza. Kwamba nilisema uongo kwa wivu. Nimeomba radhi kwake na kwao. Nikamwomba Dada Farida namba ya mchapishaji, nikampigia yule mzee, nikamwambia maneno yale yale. Akasema, "Mama, umeshanichanganya," akakata.

Alhamisi, 17 Aprili

Matusi yamekuja, kama yalivyopaswa. "Mwalimu gani huyu." "Hata wanafunzi wake waonewe huruma." Yule wa Kahama amesema hatasoma tena neno langu. Msichana wa Muleba ametuma tu picha ya kigoda, bila maneno, na hiyo imeniuma kuliko matusi.

Mama wa Karagwe amefuta ujumbe wake kimya kimya. Jamaa wa Kibondo anashikilia kwamba kwao ngano ipo.

Dada Farida ameniacha kundini. Ila Maoni ya Mwalimu basi. Ameandika kwa heshima na kwa kifupi.

Jana jioni, nilipofika nyumbani, nilimwambia mama. Yote, kwa Kihangaza, lugha ambayo siwezi kupamba ndani yake. Hakunikaripia. Aliuliza kama Kabula alikula zile ndizi. Nikasema alikula. Akaingia ndani, na hakuzungumza nami hadi leo asubuhi. Miaka thelathini na sita niliyo nayo sijawahi kunyamaziwa na mama.

Jumanne, 29 Aprili

Sehemu ya tano imetoka. Nimeiona kundini, kama mtu mwingine yeyote. Wengine walikuwa wameshasoma, wameshabishana, mimi bado nasahihisha hesabu. Siku zote nilikuwa mtu wa kwanza, au wa kabla ya wa kwanza. Sasa mimi ni wa mia moja na kitu. Inauma, na itauma kila siku ya kutoka, mahali pale pale.

Mchapishaji anasema atasoma hadi mwisho kwanza ndipo aamue. Hiyo nimeisikia kwa Dada Farida, si kwa Kabula.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua zimekwisha. Kahawa za mapema zimeanza kuwa nyekundu.

Sehemu ya nane. Shija hakwenda mara ya tatu. Mto umekuja wenyewe, bila mshenga, ukasimama uani ukijaribu kujisemea. Haujui kusema. Unaanza, unakohoa, unaanza tena. Keza anauletea kitambaa ujifute miguu, ingawa anajua haitakauka. Ni kitu kidogo tu anachofanya, na baada ya hapo sikujua tena nimtakie nani.

Nimeona wivu. Umekuja ule ule, mzima, haujapungua hata kidogo. Nilikaa nao kwenye dawati langu, darasa tupu, hadi nikamaliza kusoma mara ya pili.

Nimemsomea mama. Hakucheka safari hii. Alisema, "Maskini," na sikujua anamsema nani kati ya wale watatu.

Kisha nikamwandikia Kabula. Kwanza niliandika aya ndefu, nikaifuta. Nikabakiza hii: "Pale anapoleta kitambaa. Nimesimama hapo, sikuweza kuendelea hadi nikapumua."

Ameusoma. Hajajibu. Labda anapika, labda ana wageni.

Nimekwenda nje kumsaidia mama kutandaza mkeka wa kuanikia kahawa. Ulikuwa umekunjika upande mmoja, tukauvuta, yeye huku na mimi kule, hadi ukanyooka.